Mchoro wa Uturuki, Chuma cha China, Karakana ya Gongoni

Mchoro umekufikia karakanani Gongoni, Tabora, kwa simu. Ni shafti ya kipenyo cha milimita 60, na kwenye kiboksi cha maelezo chini kulia imeandikwa 42CrMo4+QT. Unampigia muuza vyuma wa Dar es Salaam, anakwambia hicho hana, ila ana EN19. Duka la pili lina 4140. La tatu limeshusha mzigo kutoka China wenye maandishi 42CrMo. Kila mmoja anakuapia kwamba chake ndicho hicho hicho, na mteja anataka jibu kabla ya jioni.

Ninachotaka fundi akikamate ni kwamba vyuma vya viwango tofauti havilingani kwa jina, vinalingana kwa kazi. Kinachofaa kuchukua nafasi ya kingine kwenye shafti ya mashine ya kusaga kinaweza kuwa hatari kwenye kiungo cha kuchomelea. Kwa hiyo ukiulizwa kama hiki ni sawa na kile, na wewe uliza kwanza kitafanya kazi gani, kitachomelewa au hakitachomelewa, kina unene gani, na nani atakuwa chini yake siku kitakapokatika.

Tabora ni mahali pa kulijua jambo hili vizuri, kwa sababu viwango vya dunia vinapishana hapa. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika mjini mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wakaja Waingereza na viwango vyao, na ndiyo maana hadi leo fundi wa kereza anatamka EN8 na EN24 kama anavyotamka jina la mtaa wake. Sasa ipo reli ya kisasa, SGR: vipande vya Makutupora–Tabora na Tabora–Isaka vilipewa Yapı Merkezi ya Uturuki, nchi inayofuata viwango vya Ulaya, na kipande cha Tabora–Kigoma kikapewa kampuni za China, zenye viwango vyao vya GB. Huko Sojo, wilayani Nzega, kulijengwa kiwanda cha kuyavika mabomba ya mafuta ghafi ya mradi wa EACOP kinga ya joto, na mabomba ya namna hiyo huagizwa duniani kote kwa majina ya API ya Marekani. Ongeza malori ya Japani na mashine za kusaga za India, utaona kwamba karakana moja ya hapa inaweza kupokea lugha tano za chuma ndani ya mwezi mmoja.

Wafanyabiashara wa misafara waliotua Unyanyembe, hapa Tabora, karne ya 19 walikutana na shida kama hii upande wa nguo. Nguo iliyoitwa merikani ilikuwa pamba ya Marekani kweli; vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861 na mzigo ukapungua, nguo za Uingereza na India zikaingia kujaza pengo. Mnunuzi mzoefu hakuridhika na jina. Aliishika, akaangalia ufumaji, akapima uzito wa jora. Fundi naye afanye vivyo hivyo.

Tuanze na namba, kwani ndizo zinazodanganya kuliko kitu kingine chochote. Chuma kina mipaka miwili ya kujua. Wa kwanza ni kikomo cha kunyumbuka: ukikivuta kupita hapo hakirudi tena kilivyokuwa. Wa pili ni nguvu ya kukatika. Yote miwili hupimwa kwa megapaskali, ile MPa ya kwenye vyeti. Sasa angalia majina. S275 ya Ulaya: 275 ni kikomo cha kunyumbuka. Q235 ya China: 235 nayo ni kikomo cha kunyumbuka. SS400 ya Japani: 400 ni nguvu ya kukatika, na kikomo chake cha kunyumbuka ni 245 tu. A36 ya Marekani: 36 ni kikomo cha kunyumbuka kwa kipimo chao cha pauni elfu kwa inchi ya mraba, yaani MPa 250. St37 ya Mjerumani wa zamani: 37 ni nguvu ya kukatika kwa kilo kwa milimita ya mraba, na leo chuma hicho kinaitwa S235. Daraja 43 la Mwingereza wa zamani lilitokana na nguvu ya kukatika ya 430, na mrithi wake ni S275. Mtu anayeona SS400 akadhani ina nguvu kuliko S355 kwa kuwa 400 ni kubwa kuliko 355 amekwisha kupotea, na boriti aliyoichagua itapinda kabla ya wakati wake.

Kwenye reli ni vilevile. Daraja R260 la Ulaya limepewa jina kwa ugumu wake, na chuma hicho kilipokuwa kikiitwa 900A jina lilitokana na nguvu ya kukatika. Mabomba ya API yanayoitwa X65 yana jina la pili lililo wazi zaidi, L450, na hiyo 450 ni kikomo cha kunyumbuka kwa MPa.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tuliorithi viwango vya Uingereza. EN8, EN19, EN24 na EN45 ni namba za Waingereza zilizotoka katika miaka ya vita ya 1940, ndani ya kiwango cha BS 970. Miaka ya 1970 zikabadilishwa: EN8 ikawa 080M40, EN19 ikawa 709M40, EN24 ikawa 817M40. Lakini EN 10025 au EN 10083 ni viwango vya Ulaya ya leo, na havina undugu na zile. Ukiona EN ikifuatiwa na tarakimu moja au mbili, hiyo ni ya Mwingereza wa zamani. Ikifuatiwa na tarakimu nne au tano, hiyo ni namba ya kiwango cha Ulaya, siyo jina la chuma, na bado unatakiwa kuuliza ni daraja gani ndani ya kiwango hicho.

Turudi kwenye shafti yetu. Kwa kemia, ndugu hawa wote wako karibu sana. 42CrMo4 ina kaboni 0.38 hadi 0.45 kwa mia, kromi 0.90 hadi 1.20, molibdenamu 0.15 hadi 0.30. 4140 ina kaboni 0.38 hadi 0.43 na kromi 0.80 hadi 1.10. SCM440 ya Japani na 42CrMo ya China zinaangukia humo humo. EN19 ina molibdenamu zaidi kidogo, 0.25 hadi 0.35. Kwa shafti ya kawaida, tofauti hizo hazimnyimi mtu usingizi.

Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni zile herufi za mwisho, +QT. Maana yake chuma kimepashwa moto, kikazimwa kwenye mafuta au maji, kisha kikarudishiwa moto wa chini ili kisivunjike ovyo. Nguvu ya shafti iko hapo, siyo kwenye jina. 4140 likiwa peke yake linataja kemia tu. Unaweza kuuziwa 4140 iliyolainishwa ili ikerezeke kirahisi, ukashangaa jinsi kisu kinavyoteleza, kumbe nguvu yake haifiki mbali na ile ya chuma cha bei nusu. Kwa 42CrMo4+QT ya kipenyo cha zaidi ya 40 hadi 100, kiwango cha Ulaya kinataka nguvu ya kukatika ya MPa 900 hadi 1100. EN19 yenye herufi T inaahidi 850 hadi 1000. Kwa hiyo EN19T inaweza kuwa halali kabisa kwa kiwango chake, ikatoka na 860, na bado ikawa haitoshi kwa mchoro wako. EN19U, yenye 925 hadi 1075, inaingia. Au muuzaji akuletee cheti cha ile EN19T. Ukikuta imepimwa ikatoa 940, una hoja ya kumpelekea mhandisi.

Upande wa 42CrMo ya China utakutana na namba ya kutamanisha: MPa 1080 kwenda juu. Usikimbilie kusema ina nguvu kuliko ya Ulaya. Namba hiyo inatokana na kipande cha majaribio cha milimita 25, na chuma cha namna hii hupungua nguvu kadiri kinavyonenepa, kwa sababu moyo wake haupoi haraka kama ngozi. Hata 42CrMo4 ya Ulaya, ikiwa chini ya milimita 16, inatakiwa kufika 1100. Linganisha unene na unene, ama sivyo hujalinganisha kitu.

Ukiwa na kipima ugumu, hata kile kidogo cha kushika mkononi, una njia ya mkato ya kukagua: gawanya nguvu ya kukatika kwa 3.4 hivi, utapata ugumu wa Brinell kwa kukadiria. Shafti ya MPa 900 inatakiwa isome karibu na 265. Ikisoma 190, irudishe dukani.

Mashine za kusaga zina habari yake nyepesi zaidi. Nyingi za India zinataja EN8 kwenye shafti, na za China zinataja chuma namba 45. Hiyo 45 ni kaboni, sehemu 0.45 kwa mia, na ndugu zake ni C45 ya Ulaya, S45C ya Japani na 1045 ya Marekani. EN8 ina kaboni pungufu kidogo, 0.36 hadi 0.44. Kwa shafti ya kinu cha mahindi kubadilishana hivyo si tatizo, mradi njia ya ufunguo ikatwe bila kona kali chini, maana shafti nyingi za vinu huanzia kupasuka hapo, uwe umeweka EN8 au chuma cha mfalme.

Madaraja yenye nikeli yataka uangalifu zaidi. Majedwali ya kwenye simu huweka EN24, 4340 na 34CrNiMo6 mstari mmoja. Lakini 4340 ina nikeli 1.65 hadi 2.00 na kromi isiyozidi 0.90, wakati 34CrNiMo6 ina nikeli 1.30 hadi 1.70 na kromi inayoanzia 1.30. Hizo ni binamu. Kwa ekseli ya trela huenda zikabadilishana; kwa kitu kilichokokotolewa kwa ukaribu, mwenye mchoro ndiye wa kusema.

Nije kwenye kuchomelea, na hapa naomba msomaji asikilize kwa makini, kwa sababu ajali nyingi za vyuma vya kuungwa huanzia kwenye kulinganisha nguvu peke yake na kusahau kaboni. Chukua kaboni yote, ongeza mangani iliyogawanywa kwa 6, ongeza jumla ya kromi, molibdenamu na vanadi iliyogawanywa kwa 5, ongeza jumla ya nikeli na shaba iliyogawanywa kwa 15. Jibu linaitwa kaboni linganifu. S275 ya unene wa kawaida haitakiwi kuzidi 0.40, na S355 isizidi 0.45; hizo unachomelea kwa utaratibu wa kawaida. Ile 42CrMo4 yetu, ukichukua namba za katikati, inafika karibu 0.80. Ukiigusa na elektrodi ikiwa ya baridi, pembeni ya mshono panakuwa pagumu na panapasuka, pengine kesho yake, wakati umeshalipwa na mteja ameshaondoka. Ni lazima ipashwe moto kwanza, nyuzi 250 hadi 300 hivi, na ipoe polepole.

Ndiyo maana SS400 inahitaji tahadhari. Kiwango chake hakikuweka kikomo cha kaboni. Kimebana fosforasi na salfa tu. Nyingi inachomeleka vizuri, lakini kiwango chenyewe hakikuahidi hivyo. Wajapani wenyewe wana familia nyingine, SM400, kwa ajili ya kazi za kuchomelea. Ukipewa SS400 badala ya S275JR kwenye fremu ya tangi la maji, soma kaboni kwenye cheti kabla ya kusema ndiyo, na ukumbuke kwamba kikomo chake ni 245, siyo 275. Q235B nayo iko chini zaidi. Anayefaa kukaa karibu na S355 ni Q355, aliyekuwa akiitwa Q345 kabla kiwango cha China hakijafanyiwa marekebisho mwaka 2018.

Zile herufi JR, J0 na J2 zinahusu kupigwa kwa nyundo kwenye baridi: JR hupimwa kwenye nyuzi 20, J0 kwenye sifuri, J2 kwenye 20 chini ya sifuri. Upande wa China, B, C na D zinafuata nyuzi hizo hizo, na Q235A haipimwi kabisa. Usiku wa Tabora mwezi Julai una baridi ya kuvaa sweta, siyo ya kuganda maji, kwa hiyo kwa jengo la kawaida la hapa JR au B inatosha. Hata hivyo mchoro ukisema J2, uliza sababu. Huenda mtengenezaji alikuwa anafikiria mitikisiko, siyo baridi.

Na unene tena, upande wa pleti na boriti. S355 ni 355 mpaka milimita 16. Ikizidi hapo mpaka 40 ni 345. SS400 nayo inashuka kutoka 245 hadi 235. A36 inabaki 250 hata kwenye pleti nene. Kwa hiyo A36 ya milimita 50 na S275 ya milimita 50 zinakaribiana kuliko majina yanavyoonyesha.

Nondo zina kanuni fupi. Majengo mengi sasa hukokotolewa kwa B500, yenye kikomo cha 500. HRB400 ya China ni 400, na Grade 60 ya Marekani ni 420. Ukilazimika kuweka HRB400 mahali pa B500, chuma kinatakiwa kiongezeke kwa robo nzima, na uamuzi huo ni wa mhandisi wa jengo, siyo wa fundi wala wa mwenye nyumba. Kabla ya hilo ipime nondo yenyewe kwenye mizani. Kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe na kugawanywa kwa 162 kinatoa kilo kwa mita: nondo ya 12 iwe na kilo 0.89 kwa mita, yaani ile ya mita 12 iwe na kilo 10 na nusu na ushee. Ikipungua sana, mjadala wa daraja hauna maana.

Bolti zina alama kichwani. 8.8 inakatika kwa 800, na kikomo chake ni asilimia 80 ya hiyo, yaani 640. Ya Marekani yenye mistari mitatu kichwani ni Grade 5, iliyo karibu na 8.8, yenye mistari sita ni Grade 8, iliyo karibu na 10.9. Ila nyuzi za inchi na za milimita hazioani, na bolti isiyo na alama yoyote usiihesabu kuwa ya nguvu.

Wanaotengeneza vyombo vya asali, na Tabora ni mkoa wa asali, wanauziwa chuma kisichoshika kutu kwa kujaribiwa na sumaku: haishiki, basi ni 304. Siyo kweli. 201 nayo kwa kawaida haishiki sumaku, lakini nikeli yake ni 3.5 hadi 5.5 tu, pengo likajazwa na mangani, wakati 304 inaanzia nikeli 8. Asali ina asidi, na tangi hukaa nayo miezi. Majina ya 304 ya kweli ni SUS304 kwa Mjapani, 1.4301 kwa Ulaya na 06Cr19Ni10 kwa Mchina. Kwa tangi la kuchomelea tafuta 304L, ambayo kaboni yake haizidi 0.030. Yapo matone ya dawa ya kutofautisha 201 na 304, na anayenunua pleti kwa ajili ya chakula awe nayo.

Hiyo namba ya Ulaya yenye nukta, kama 1.4301, au 1.7225 kwa 42CrMo4, ndiyo njia bora ya kutafutia. Majina hubadilika, namba hukaa. Kitabu cha Kijerumani cha Stahlschlüssel kimejengwa juu ya namba hizo. Mimi nayatumia majedwali yote kwa namna moja: yananipa majina ya kwenda kuuliza, kisha nafungua viwango vyenyewe na kulinganisha kemia, nguvu kwa unene ule ule, na hali ya moto. Jedwali lenye alama ya sawa bila safu ya unene haliwezi kukuchagulia chuma.

Kisha cheti. Omba cheti cha kiwanda cha aina ya 3.1, kinachoonyesha vipimo vya mzigo wenyewe, na hakikisha namba ya tanuru iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyogongwa kwenye chuma. Karatasi isiyo na namba inayoonekana kwenye chuma ni ya chuma kingine. Pasipo cheti kabisa, anza na jiwe la grinda. Simama kivulini, shika kipande unachokijua mkono mmoja na usichokijua mkono mwingine, saga kwa mkandamizo mmoja. Chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Chenye kaboni ya 0.45 hutoa cheche zinazopasuka-pasuka kwa wingi karibu na jiwe; chuma kisichoshika kutu hutoa chache, fupi, za rangi ya chungwa. Cheche zitakwambia familia, hazitakwambia daraja. Kwa kazi inayobeba watu, kata kipande ukipeleke maabara: TBS wanapima, TIRDO wanapima, na ndaki ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo inapima. Nauli ya basi na gharama ya kipimo ni ndogo mbele ya mzigo utakaoning'inia.

Vipande vya reli vinavyozungushwa mitaani kwa bei ya chakavu usivinunue. Kwanza ni mali ya umma, na kukutwa navyo ni kesi. Pili, chuma cha reli kina kaboni inayokaribia 0.7, na kukichomelea kama chuma laini ni kujitafutia ufa.

Ukishapata chuma unachokiamini, usikiingize kazini kimyakimya. Mwandikie mwenye mchoro, mstari kwa mstari: daraja lililotakiwa na kiwango chake, daraja lililopatikana na kiwango chake, kaboni, kromi, molibdenamu na mangani za kila kimoja, kikomo na nguvu ya kukatika kwa kipenyo cha kazi, hali ya moto, nakala ya cheti, na kama kitachomelewa, kaboni linganifu uliyoikokotoa. Omba jibu la maandishi lenye jina na tarehe, hata likija kwa simu, ulihifadhi pamoja na mchoro. Hapo ndipo ukate. Na kabla ya kukata, hamishia namba ya tanuru kwa patasi kwenye upande utakaobaki, kwa sababu kile kipande cha nusu mita kitakachosimamishwa ukutani mwezi ujao kitaulizwa ni chuma gani.